Barafu Iliyolaliwa na Sangara

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, nilifungua mlango wa karakana yangu pale Iringo, Musoma, nikapokelewa na harufu ya samaki. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika palepale kwenye daftari la kazi, kama ninavyoandika kila ninapoingia. Karakana yangu hunuka mafuta ya kukatia chuma, asidi ya betri na, wakati wa mvua, unyevu wa ukuta wa nyuma. Haijawahi kunuka mwalo, pale boti zinaposhusha samaki. Asubuhi ile ilinuka mwalo saa za mchana, wakati wanaposuuza masanduku ya samaki na yale maji yanatiririka kati ya miguu ya watu.

Nilikuwa natoka Nyegina, nilikolala siku moja kufunga puli ya mashine ya kusaga. Karakana nilimwachia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mtu wa miaka thelathini na minane. Tulikuwa na mwaka wa tatu tukifanya kazi pamoja. Nilimwachia kazi moja tu: kumalizia vibano vinne vya usukani na jozi nne za vikanyagio, mali ya mteja wa Butiama.

Mteja huyo ni mstaafu aliyekuwa akiendesha magari ya watalii. Ana pikipiki nne za kupanda mawe, ambazo alizinunua Nairobi zikiwa zimetumika, akazipitisha mpakani Sirari. Hazibebi abiria. Hazina hata kiti. Anayeendesha husimama juu ya vikanyagio muda wote, ameshika usukani, akiipandisha pikipiki kwenye jiwe refu kuliko yeye na kuishusha upande wa pili bila kutua mguu chini. Butiama mawe ya namna hiyo yapo mpaka uani kwa watu. Akishuka, uzito wake wote unaangukia mahali pawili: vikanyagio na usukani. Usukani nao unashikiliwa na kibano kimoja chenye skrubu nne. Kibano kikiachia, kinachofuata kugusa jiwe ni uso.

Vibano vya zamani vilikuwa vya chuma, vizito, vimeliwa na kutu. Mzee alitaka vya alumini, vyepesi, vya rangi ya bluu. Nilivichonga mwenyewe kwa siku kumi na moja. Kilichobaki kilikuwa ni ganda.

Alumini ukiitumbukiza kwenye asidi na kuipitishia umeme huota ganda gumu, jembamba kuliko karatasi. Ganda likiwa bado bichi hunywa rangi; ukilichemsha, linajifunga na rangi inabaki ndani. Vitabu huiita anodaizi. Niliijua kwa vitabu viwili vikuukuu, kamusi, na vipande vingi nilivyoharibu. Asidi nainunua kwa wauza betri, umeme unatoka kwenye chaja ya betri za lori, rangi ni ile ya unga wanayotumia akina mama kutia ukili wa mikeka. Haya yote yanawezekana Musoma kwa mtu mwenye subira. Kinachosumbua ni joto. Asidi ikipata moto, ganda linakuwa laini kama chokaa. Kwa hiyo ndoo ya asidi hukaa ndani ya beseni pana la maji, na kwenye maji hayo mimi huweka chupa zilizogandishwa kwenye friji ya nyumbani. Nasema chupa. Barafu inabaki ndani ya chupa, na chupa ina kizibo.

Umeme ulikuwa umekatika Jumapili, ukarudi Jumatatu mchana. Chupa ziliyeyuka. Mtu mwingine angengoja zigande.

Nilisogea kwenye beseni. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta wenye rangi ya usaha, na ndani ya utando magamba yalikuwa yakizunguka polepole. Kipande kimoja cha barafu kilikuwa bado hakijaisha. Kilikuwa na uzi wa damu katikati, na kwenye ukingo wake kitu cheupe chenye utelezi ambacho sikutaka kukitambua. Nzi walikuwa wamejipanga kwenye mdomo wa beseni. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, anakunywa chai.

"Shemeji," nilisema, "hii barafu umeitoa wapi?"

"Mwaloni."

"Mpya?"

"Mpya bei yake unaijua. Hii imelaliwa na sangara siku moja tu." Alipuliza chai. "Baridi ni ileile, shemeji. Baridi haiozagi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto. Nakiri ni sentensi nzuri. Niliichukia wakati uleule nilipoisikia, kwa sababu nilijua ataisema tena kwa watu na watacheka.

"Na vipande umevisuuzia wapi?"

"Humohumo. Si ndiyo maji yenye baridi?"

Sangara ni samaki wa mafuta. Mtu yeyote aliyekulia ukanda huu anajua. Tunakaangia mafuta yake, tunajipaka. Na alumini kabla ya kuingia kwenye asidi haitakiwi kuguswa hata na kidole, kwa sababu jasho la kidole huzuia ganda kuota. Shemeji alikuwa amevisafisha vipande kwa sabuni vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha, kisha akavichovya kwenye supu.

Nilichukua kibano kimoja kwa koleo. Kilikuwa bluu mahali, na mahali pengine kijivu, mabaka yenye kingo za manjano kama ngozi ya mtu mwenye mapunye. Gamba moja lilikuwa limegandia ndani ya duara la usukani. Lilikuwa limepakwa rangi pamoja na alumini, gamba la bluu. Nililing'oa kwa kucha na harufu ikabaki kwenye kucha mpaka siku ya pili, hata baada ya ndimu.

"Anayepanda mawe hatanusa usukani," shemeji alisema. "Wewe una pua ya mganga."

Nilimwaga maji yale nje, mbali na bomba, nikasugua beseni mara tatu. Kisha nilimweleza, taratibu, kitakachofanyika. Vikanyagio vinaweza kuvuliwa ganda kwa kostiki, ile wanayotengenezea sabuni, na kuanza upya, kwa sababu havina vipimo vya kuogopa. Vibano haviguswi. Kostiki haichagui cha kula. Ikimaliza ganda inakula alumini yenyewe, na kwenye kibano inaingia ndani ya matundu ya skrubu na kula nyuzi, zile mzunguko kwa mzunguko zinazoishika skrubu. Tundu lenye nyuzi zilizoliwa kwa nje linafanana na tundu zima. Vibano nitavichonga upya.

"Vyote vinne?"

"Vyote vinne."

"Kwa mabaka tu."

"Kwa mabaka tu."

Alitikisa kichwa, akaenda kumimina chai nyingine.

Alumini ya kuchonga vibano haipatikani Musoma. Ile wanayoyeyusha hapa kutengenezea sufuria imechanganyika mno. Huwezi kujua ndani mna nini. Yupo muuza vyuma mmoja Bunda mwenye vipande vizima vya mviringo, na Jumatano nikaenda. Nilimkuta hayupo. Alikuwa amekwenda Kisorya kuangalia injini za boti anazotaka kununua, na mkewe akasema atarudi kesho. Nililala Bunda. Niliandika kwenye daftari vipimo vyote upya, nikiwa na hakika kwamba nikianza Alhamisi jioni na Ijumaa nisipumzike, mzee angepata angalau vibano viwili kabla ya Jumamosi. Jumamosi alikuwa na wageni, watu wa kutoka Mwanza na ng'ambo ya mpaka, waliokuja kutazama pikipiki zake zikipanda mawe.

Alhamisi saa tisa alasiri nilirudi Iringo na vipande vinne vya alumini kwenye kiroba. Karakana ilikuwa imefagiliwa. Meza ilikuwa tupu.

"Vipo wapi?"

"Butiama," alisema shemeji. Alikuwa na furaha ya kweli, hilo lazima niliandike. "Nimepeleka mwenyewe asubuhi, nikavifunga mwenyewe. Mzee amefurahi mpaka amenichinjia kuku. Na salio lote ametoa, taslimu."

"Umepeleka vipi? Vilikuwa na mabaka."

"Vilikuwaga na mabaka." Alitabasamu. "Nimevivua, nimevirudia, kwa barafu safi safari hii, nimenunua mpya ili usiseme. Vimetoka vikali, shemeji. Bluu ya kanisani."

Nilikwenda kwenye ndoo ya kostiki. Chini yake kulikuwa na tope jeusi, unene wa vidole viwili. Tope hilo ni alumini. Ganda peke yake likivuliwa halifanyi tope la kufunika hata sarafu.

"Viliingia humu kwa muda gani?"

"Kidogo."

"Dakika ngapi?"

"Nilikwenda kula." Alifikiri. "Kula na kurudi. Na njiani nilikutana na mtu."

"Skrubu zilikaza?"

"Zilikaza. Zote. Nilivyokuambia, nimefunga mwenyewe." Hakunitazama aliposema hivyo. Alitazama kiroba changu. "Sasa hiyo alumini ya nini tena?"

Nilimwomba fedha za mzee. Alinipa, pungufu. Laki mbili na nusu alikuwa ameziingiza kwenye mabondo, yale matumbo ya upepo ya sangara ambayo watu hununua mwaloni kwa bei ya dhahabu; alikuwa na rafiki aliyemwambia yatapanda wiki ijayo. Kwa hiyo siku ile, hata fedha yangu ilikuwa ndani ya samaki.

Jioni ile nilimpigia mzee simu mara nne. Haikupatikana. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka kwa pikipiki yangu, nikiwa na ufunguo wa skrubu, koleo, msumeno wa chuma, na vibano viwili vya zamani vyenye kutu ambavyo nilikuwa nimevibakiza kama vipimo. Vile vingine viwili mzee mwenyewe alikuwa ameshaviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye tairi la lori, anawatazama wapanda mawe wake wakijiandaa kujizoesha. Walikuwa wanne. Mpanda mzuri kuliko wote ni mpwa wake, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu ambaye hupanda amevaa sketi juu ya suruali ili shangazi zake wasiseme. Nilipoingia alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupasha pikipiki moto. Usukani wake ulishikwa na kibano changu cha bluu. Kwa mbali kilipendeza. Jambo hilo nalo lilinichefua.

"Karibu fundi," mzee alisema. "Umekuja kudai nini tena? Si nimemaliza?"

"Sidai, mzee wangu. Nimekuja kuvua vibano."

"Kipi?"

"Vyote vinne."

"Kesho nina wageni."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Alicheka kidogo kwa pua. "Shemeji yako alinipigia jana kwenye namba yangu ya pili. Alisema utakuja. Alisema kazi akiifanya yeye ikasifiwa, wewe hulali."

Nimefikiria sana sentensi hiyo tangu siku ile. Yule mtu alijua. Asingejua, asingekuwa na haja ya kuwahi kunichafua kabla sijafika. Alikuwa amevifunga vibano, akala kuku, akarudi nyumbani akalala, na alipoona nimelitazama lile tope akatafuta simu. Siyo ya kumwambia mzee awasimamishe watoto wa watu wasipande. Ya kumwambia kwamba nina wivu.

"Nipe dakika tano na pikipiki moja," nilisema. "Ukiona ni wivu, nifukuze."

Mzee alimpungia mkono mpwa wake, naye akazima injini na kuisukuma pikipiki mpaka tulipo. Nilitia ufunguo kwenye skrubu ya kwanza. Ilikuwa imekaza. Nilijaribu kukaza zaidi na ikagoma, imara kabisa.

Hapa nina jambo langu la kuandika. Kwa muda kama wa pumzi tatu nilifurahi. Niliwaza kwamba labda dakika zake zilikuwa chache kuliko nilivyohofia. Kwamba naweza kupitisha ufunguo kwenye skrubu zote, nikatikisa kichwa kama fundi aliyeridhika, nikanywa chai na kurudi Musoma na fedha zikiwa zangu. Nilikuwa nimeshanyanyua goti moja kutoka chini. Nimemwandika shemeji kwa ukali hapa, na sifuti hata neno, lakini pumzi zile tatu zilikuwa zangu na zilinuka vilevile.

Nikaijaribu ya pili. Ilizunguka. Nikaizungusha tena na ikaendelea kuzunguka bila kukaza, laini, kama kijiko kwenye uji. Niliitoa kwa vidole. Ilipotoka ilifuatana na ukanda mwembamba wa bati, umejiviringa kama kikono cha mtango, unang'aa. Niliunyoosha juu ya goti. Ulikuwa kipande cha kopo la soda; herufi mbili nyekundu na kipande cha ya tatu. Alikuwa amekata makopo kwa mkasi, vipande sawasawa, kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona katika kazi yake nyingine yoyote, akavijaza kwenye matundu yaliyoliwa ili skrubu ziume kitu. Ile ya kwanza ilikuwa imekaza kwa sababu kopo lilijikunja ndani.

Nilitoa ya tatu. Kopo. Nikairudia ile ya kwanza, nayo kopo. Kisha nilimrudishia mwalimu usukani mkononi nikamwambia avute juu, taratibu. Kibano kikafunguka kwa skrubu moja iliyobaki, ikatoka na nyuzi zake zote kama unga wa kijivu, na usukani ukabaki mikononi mwake, umeshikwa na nyaya tu.

Mwalimu aliuangalia. Kisha akaangalia jiwe lililo nyuma yangu.

"Jana nimeshuka pale mara sita," alisema.

Mzee aliinuka kwenye tairi.

"Fundi," alisema tena, kwa sauti ileile anayotumia nadhani kwa watoto wake wa chekechea, "haya meno yangu siyo ya mwaloni. Mtu haendi kununua mengine."

"Samahani, mwalimu."

"Siyo wewe uliyevifunga vibano."

"Ni mimi niliyemfundisha."

Mzee alikuwa ameokota ukanda wa kopo. Aliugeuza upande huu na upande ule, akasoma zile herufi, na uso wake ukakunjamana taratibu, kama mtu aliyekuta kitu kwenye sahani akiwa ameshakula nusu. "Na nilimchinjia kuku," alisema. Akaugeukia upande wa zizi na kutema mate.

Tulivua vyote vinne. Katika matundu kumi na sita, kumi na manne yalikuwa na kopo. Mawili yaliyobaki yalikuwa na gundi ya kuunganishia mabomba, imekauka, imepakwa bluu juu. Mzee aliyahesabu mwenyewe, akiinama, akinitaka nimpe tochi. Vile viwili vya zamani nilivyobeba vilifungwa kwenye pikipiki mbili, pamoja na kutu yake, na nilivikaza mpaka mkono ukaniuma. Pikipiki mbili nyingine hazikuwa na cha kushika usukani, kwa hiyo Jumamosi wageni wangeona mbili. Mzee alisema atawaambia nyingine zinaumwa.

Nilipokuwa nafunga, shemeji alipiga simu. Niliiweka kwenye sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Shemeji, umeshavivua?"

"Nimevivua."

"Usivitupe basi. Viko vijana wa bodaboda hapa, vinaweza kuwafaa. Wao hawarukagi mawe."

Mwalimu alisikia. Mzee alisikia. Mimi nilikata simu kwa kiwiko. Niliomba gogo la kuegemezea, nikaweka kibano cha kwanza juu yake, nikakipitisha msumeno katikati. Alumini nzuri hukatika vizuri, inatoa vumbi jeupe. Siku kumi na moja za mashine ziliisha kwa muda wa kuchemsha maziwa. Nilifanya hivyo kwa vyote vinne mbele yao, ili kisibaki hata kimoja cha kumfaa mtu.

Kisha nilimrudishia mzee fedha zake. Nilimrudishia salio na nilimrudishia malipo ya mwanzo, na pengo la mabondo nililijaza kutoka kwenye fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya biti mpya za mashine. Alizihesabu mara mbili. Hakuniambia nisirudi wala hakuniambia nirudi. Vikanyagio alivirudisha pia, ingawa vilikuwa vizima. Alisema hataki kuweka mguu wake kwenye kitu cha karakana ile, na sikuona cha kumbishia.

Shemeji haji tena Iringo. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, nikamwonyesha ukanda wa kopo, akauweka mezani na kwenda kunawa mikono. Mabondo hayakupanda, au yalipanda na sikuambiwa. Ile alumini ya Bunda ipo kwenye rafu na siihesabu. Nahesabu vitu na chakula cha kazi ya siku kumi na moja, laki tatu na elfu kumi. Nauli ya Bunda na mafuta ya Butiama, elfu ishirini na sita. Na ile laki mbili na nusu. Hasara yote ni shilingi laki tano na elfu themanini na sita.